Kasuku Anayejinyonyoa: Kabla ya Kutafuta Dawa, Mtazame Kichwani

*"Assalaam aleikum daktari. Tuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tunamwita Kheri. Alikuwa wa marehemu baba mkwe wangu, aliyemlea zaidi ya miaka 12 katika nyumba yao ya Mji wa Kale, Mombasa. Mzee alipofariki mwaka jana tulimhamishia kwenye fleti yetu, ghorofa ya tatu. Kaka yangu ambaye ni fundi alimtengenezea tundu jipya la waya, kwa kuwa la zamani lilikuwa limeshika kutu. Anakula mbegu za alizeti na karanga, na kila asubuhi kipande cha hamri kilichochovywa kwenye chai, kama alivyozoeshwa na mzee. Tangu miezi minne iliyopita anajinyonyoa. Kifua chote kimebaki ngozi tupu, na ndani ya mabawa pia, ila kichwa chake ni kizuri hakina kasoro. Tuliuziwa unga wa kuua chawa wa kuku, tumempaka mara mbili bila mafanikio. Jirani ananiambia nimpake mafuta ya nazi, mwingine anasema ni mpweke nimtafutie mwenza, na mume wangu anataka tumkate mabawa ili atulie. Je, ni chawa? Manyoya yatarudi? Nikipata wageni namfunika kwa aibu."*

Waaleikum salaam, dada yangu, na poleni kwa msiba wa mzee. Umeniuliza maswali mawili, la chawa na la kurudi kwa manyoya, lakini nasikia la tatu ambalo hukuliandika: kama ninyi ndio mliomharibu ndege aliyetunzwa vizuri na mtu mwingine kwa miaka 12. Nitayajibu yote matatu kadiri maelezo yako yanavyoniruhusu. Kabla ya yote, huo unga wa kuku usimpake tena. Umetengenezwa kwa kiuadudu, na kasuku si kama kuku anayejitikisa vumbini akaenda zake: yeye huyapitisha manyoya yake mdomoni moja moja mchana kutwa, kwa hiyo kile ulichompaka mgongoni jioni, kufikia asubuhi amekwisha kukilamba.

Katika barua yako umelitaja jambo la maana kuliko yote kwa kulipitia juu juu, nalo ni kwamba kichwa hakina kasoro. Kasuku anaweza kuupeleka mdomo wake kifuani, mgongoni, chini ya mabawa, mapajani na mkiani, lakini hawezi kuufikisha kichwani mwake mwenyewe. Ndege aliyebaki uchi kuanzia shingoni kushuka, huku kichwa kikiwa kimevaa manyoya kamili kama aliyefunga kilemba, ananiambia kwamba mwenye kunyonyoa ni yeye mwenyewe. Laiti manyoya yangekuwa yanadondoka kwa sababu ya maradhi ya ngozi nzima au ya vifuko vinavyoyaotesha, kichwa nacho kingeonyesha dalili. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninacholifanyia kila tundu linaloingia chumbani kwangu, kabla sijamgusa ndege, na hakigharimu kitu.

Basi chawa tuwaweke kando, ingawa kwa adabu. Kasuku anayeishi peke yake ndani ya nyumba, asiyekutana na kuku wala njiwa, ni nadra sana kuwa na chawa, kwa sababu chawa wa ndege huhama kutoka mwili hadi mwili. Utitiri mwekundu ni habari nyingine kidogo, maana huo hujificha mchana kwenye nyufa za tundu na kutoka usiku kunyonya damu. Ukitaka kuiondoa shaka hiyo, lifunike tundu usiku kwa shuka jeupe, kisha kabla ya alfajiri ligeuze shuka na kulimulika kwa tochi: utitiri uliokwisha shiba huonekana kama vijidoa vyekundu vinavyotembea. Usipoona kitu kwa siku tatu mfululizo, suala la wadudu tumelifunga.

Sasa tumejua anayenyonyoa ni nani, lakini hatujajua kwa nini, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia dawa mapema mno. Nami nilikimbilia. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuletewa kasuku wa kijivu aliyejitoboa kifua, nikamvisha kola ya plastiki shingoni, nikafurahi kuona manyoya machanga yakichipua kwa wiki sita. Siku nilipomvua kola, mwenyewe alinipigia simu kabla ya magharibi: kasuku alikuwa ameyang'oa yote, na sakafu ilikuwa ya kijivu. Kola ilikuwa imeuzuia mdomo tu. Kilichokuwa kinamsumbua kilikaa palepale kikimsubiri.

Ili ujue cha kutafuta, inafaa ujue unyoya ni kitu gani. Unyoya huota ndani ya kifuko kidogo kwenye ngozi, ukiwa umefungwa kwenye ala kama jani changa la mgomba, na wakati huo una mshipa wa damu unaoulisha. Ukisha komaa, damu hurudi nyuma, ala hukauka na kupasuka, na kinachobaki ni kitu kisicho na uhai, kama kucha au nywele: uti katikati, nyuzi pande zote mbili, na juu ya kila nyuzi vijinyuzi vidogo zaidi vyenye kulabu zinazoshikana. Ukiona kasuku anauburuza unyoya mdomoni kuanzia shinani hadi nchani, kazi anayoifanya ni kuzifunga kulabu hizo zilizoachana, kama mtu anayefunga zipu. Anafanya hivyo kila siku, na ni usafi, wala si ugonjwa.

Kwa kuwa unyoya uliokomaa hauna uhai, hauwezi kujitibu. Ukivunjika au ukitafunwa nusu, utabaki hivyo hivyo hadi zamu yake ya kupukutika ifike, na kasuku hubadilisha manyoya yake kidogo kidogo katika muda wa takriban mwaka mmoja au zaidi. Ukiwa umeng'olewa pamoja na shina lake, kifuko kilichobaki wazi huanza kuotesha mwingine mara moja, na baada ya wiki chache utaona vijiti vidogo mfano wa miiba vikijitokeza. Kwa hiyo kabla sijakuambia lini manyoya yatarudi, nataka kujua Kheri anang'oa au anatafuna. Chukua kazi hii kesho asubuhi: tandika karatasi nyeupe chini ya tundu, na jioni uyaokote manyoya yote yaliyoanguka, kisha uyatazame mchana kweupe penye mwanga mzuri. Unyoya uliong'olewa una shina zima, la duara, wakati mwingine na kidoa cha damu au kinyama kidogo mwishoni. Uliotafunwa umekatika kwa meno ya msumeno, au utakuta nyuzi pekee zimetawanyika kama pamba ya sufi. Na ukiona mistari myembamba iliyokata unyoya kwa upana, kama mahali ambapo mfumaji aliruka uzi, hiyo ni alama kwamba siku kipande hicho kilipokuwa kinaota ndege alikuwa na njaa, ugonjwa au hofu kubwa. Uti hukatikia hapohapo kwa urahisi.

Kuhusu kurudi kwa manyoya, nitakuwa mkweli. Miezi minne si muda mrefu, na ndege aliyeanza hivi karibuni ana nafasi nzuri ya kuvaa tena, hata kama si kikamilifu. Ila kila kifuko kina ustahimilivu wake, na kikinyonyolewa tena na tena hupata kovu, hatimaye kikaacha kuotesha kabisa. Usishangae pia ukiona unyoya mmoja mmoja mwekundu ukitokea kifuani penye kijivu, maana huwatokea kasuku wa kijivu waliojinyonyoa, pale kifuko kilipojeruhiwa. Watu huuleta kwangu kama habari njema au kama mkosi, nao si hiki wala kile. Vilevile, wapo kasuku walioponywa sababu yote ya kunyonyoa, wakaendelea tu kwa mazoea, kama mtu mzima anayetafuna kucha. Hao hatuwahesabu kuwa wameshindwa, mradi wanakula, wanazungumza na ngozi yao haina kidonda.

Nirudi kwenye barua yako. Ndani yake nimeona mambo matatu yaliyobadilika au yaliyokuwa mabaya tangu zamani: tundu, chakula na mzee.

Tundu kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi kulirekebisha. Waya unaouzwa madukani kwa mabanda ya kuku huwa umepakwa zinki ili usishike kutu, na kasuku hupanda kwa mdomo. Kila anapopanda anakwaruza zinki na kuimeza. Zinki ikizidi mwilini humfanya ndege alegee, ahare kijani, akojoe sana na hata kufa. Kama nayo husababisha kujinyonyoa, madaktari wa ndege hawajakubaliana, lakini mimi sioni haja ya kusubiri wakubaliane. Pitisha kidole juu ya waya huo: ukiona vitone vilivyoganda kama nta mahali waya zinapokutana, au unga mweupe, hiyo ndiyo zinki. Suluhisho zuri ni tundu la chuma cha pua au lililopakwa rangi ya kuokwa na kiwanda, na pana kiasi cha ndege kuyanyosha mabawa yote mawili bila kugusa pande. Hadi mlipate, mwombe kaka yako aukwaruze waya kwa brashi ngumu na siki, ausuuze kwa maji mengi na kuuanika juani. Hatua hiyo hupunguza ile zinki iliyolegea, haiondoi yote. Simlaumu kaka yako hata kidogo, maana alimwona ndege yuko kwenye kutu akafanya alichofanya fundi yeyote.

Chakula kinataka maneno mengi zaidi, kwa sababu hapa mzee naye, Mungu amrehemu, alikosea kwa mapenzi. Mbegu za alizeti na karanga ni mafuta matupu kwa ndege asiyeruka, na zina upungufu mkubwa wa vitamini A na madini ya kalisi. Vitamini A ndiyo inayoifanya ngozi na utando wa ndani wa pua, koo na tezi ubaki laini na wenye unyevu. Ikikosekana, utando huo hugeuka mkavu na mgumu, ngozi huwasha, na ile tezi ndogo ya mafuta iliyo juu ya shina la mkia, ambayo kasuku huibonyeza kwa mdomo anapojichambua, huziba. Ndege anayewashwa hujikuna kwa kifaa alicho nacho, na kifaa chake ni mdomo unaoweza kuvunja ganda la mlozi. Kalisi nayo ni udhaifu maalumu wa kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine: ikishuka sana katika damu, ndege huanza kutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti chake, na anaweza kupata degedege. Mara nyingi mwenye ndege hudhani ameteleza tu.

Karanga zina hatari nyingine tunayoijua vizuri Afrika Mashariki, yaani sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu. Hiyo huliharibu ini polepole, na Mombasa unyevu hatuuagizi. Ukimpa karanga, iwe moja au mbili za kukaangwa bila chumvi, kama zawadi. Hamri na chai ziachwe: sukari, mafuta na majani ya chai havina kazi kwake. Najua kipande kile cha asubuhi ndicho kilichokuwa salamu yao yeye na mzee, kwa hiyo usikiondoe ghafla ukamwachia pengo. Badala yake mpe saa ileile, kwa mkono uleule, kitu kingine cha mezani kwenu, kwa mfano kijiko cha mbaazi zilizochemshwa bila chumvi wala nazi.

Vingine vyote viko sokoni, Kongowea au Marikiti. Sukuma wiki, majani ya kunde, karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, hoho, papai bivu na embe, choroko zilizochipuzwa kwenye kitambaa kibichi. Pilipili mpe bila woga, hata kali, kwa sababu ndege hahisi ule ukali unaotutoa machozi sisi. Katika misitu ya Kongo na magharibi yake, ndugu zake Kheri hula matunda ya mchikichi, na mawese mekundu yana kwa wingi ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo ukipata tone moja la mawese halisi la kupaka juu ya kiazi, ni jema. Kwa kalisi, shuka ufukweni ukaokote ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya ngisi, uloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu ukibadilisha maji, uanike, kisha ubane kwenye waya wa tundu. Parachichi asiguse kabisa, ni sumu kwa kasuku, hata kipande.

Usibadilishe kwa siku moja. Kasuku wa miaka 12 na ushei hutazama karoti kama wewe unavyotazama kipande cha mbao, na wapo waliofunga kula hadi wakadhoofika kwa ukaidi. Anza kwa kuchanganya mboga iliyokatwa ndogo ndogo pamoja na mbegu zake asubuhi anapokuwa na njaa, punguza mbegu kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita, na mle mboga hizo mbele yake, kwa sababu kasuku huamini chakula anachoona kinaliwa na wenzake, na kwake ninyi ndio wenzake. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, asubuhi kabla ya kula. Wengi wao huwa kati ya gramu 400 na 550, lakini muhimu ni namba yake mwenyewe: akipungua sehemu moja ya kumi, rudisha mbegu na umwone daktari.

Kalisi haifanyi kazi bila jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha limekwisha kuchujwa ile miale inayotengeneza vitamini D ngozini, kwa hiyo kumweka karibu na dirisha lililofungwa hakumsaidii kitu ila joto. Mtoeni roshanini asubuhi, nusu saa, huku nusu ya tundu ikiwa kivulini ili achague, na mtu awe karibu kwa sababu ya kunguru na paka. Katika nyumba ya Mji wa Kale nadhani alikuwa uani au barazani, akipata jua na upepo wa bahari bila yeyote kupanga. Ghorofa ya tatu hayo hayaji yenyewe.

Kuoga pia. Hawa ni ndege wa misitu ya mvua, na manyoya yao hutoa unga mweupe laini unaotakiwa kuoshwa. Mnyunyizie maji matupu ya uvuguvugu kwa chupa ya kunyunyizia, kama ukungu juu yake usiomlenga usoni, mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi ili akauke kabla ya jioni. Akifungua mabawa na kuinama, amefurahi. Akikimbilia pembeni, acha, weka sinia pana la maji ajimwagie mwenyewe. Kama mna kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha chumbani kwake, hicho nacho hukausha ngozi.

Hapa niseme jambo la moshi, ambalo hukuniuliza. Hewa katika mwili wa ndege hupita mapafuni kwa njia moja, ikisukumwa na vifuko vya hewa vilivyoenea kifuani na tumboni, na mfumo huo unaomwezesha kuruka ndio unaofanya sumu ya hewani imfikie upesi kuliko inavyotufikia sisi. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na sigara vikae chumba kingine chenye mlango uliofungwa. Kikaango kisichogandisha chakula, kikisahaulika motoni hadi kipitilize joto, hutoa hewa inayoweza kumuua kasuku aliye sebuleni kwa dakika chache. Nyumba ya Kiswahili bila udi siku ya Ijumaa sitaidai. Ninachoomba ni Kheri awe roshanini wakati huo.

Halafu mzee. Tuwe waangalifu tusimpachike ndege kila hisia yetu, lakini pia tusijifanye hatuoni: kasuku wa kijivu huishi katika makundi, huchagua wenza, na akiwa nyumbani humchagua mtu. Katika miezi michache Kheri alipoteza mtu huyo, nyumba, sauti za mtaa na tundu lake. Naona unaandika kwamba kunyonyoa kulianza baadaye, si siku ileile, na hilo ni la kawaida, kwa maana tabia hii hujijenga taratibu. Porini ndege huyu hutumia sehemu kubwa ya mchana kutafuta na kumenya chakula. Kwenye bakuli lililojaa mbegu anamaliza kazi hiyo kwa dakika chache, kisha ana saa kumi za kukaa bure na mdomo usio na kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walionyesha mwaka 2003 kwamba kasuku wachanga wa aina ya Amazon waliopewa chakula cha kutafuta na vitu vya kuchezea walikuwa na manyoya mazuri, na waliokuwa wamekwisha kujinyonyoa walipata nafuu walipopewa mambo hayo. Katika yote ninayokuandikia, hili la kumpa mdomo kazi ndilo ninaloliamini zaidi.

Nalo halihitaji fedha. Funga choroko na vipande vya hoho ndani ya karatasi, uvifunge kwa ukindu. Chomeka mbegu ndani ya kifuu kilichotobolewa. Mpe kumbi la nazi zima alichane atakavyo, na matawi mabichi ya mpera yenye majani na magamba yake. Siku ya kwanza atakiogopa kila kitu kipya, kwa hiyo kiweke kwanza nje ya tundu akizoee. Usiku apate giza na ukimya kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Jua la Mombasa linatoa giza la saa kumi na mbili bila kuombwa, ila televisheni ya sebuleni hulila. Mkimpapasa, iwe kichwani na shingoni tu, maana kupapaswa mgongoni na chini ya mabawa humwamshia tamaa ya kupandana isiyo na pa kwenda, na hiyo peke yake huwafanya baadhi yao wajinyonyoe. Na anaponyonyoa, msipige kelele wala kumkimbilia. Kasuku hujifunza upesi kwamba unyoya mmoja huleta watu watatu mbioni. Mpe mazungumzo wakati ametulia, na usimfunike wageni wakija, kwa sababu huko ni kumnyima watu, na watu ndio anaowakosa.

Sasa ushauri wa majirani. Mafuta ya nazi yanafaa kwa nywele zetu, lakini kwenye manyoya huzigandisha zile kulabu, ndege akashindwa kujikinga na baridi, na akajichambua zaidi ili ayaondoe. Mwenza nisingemtafuta sasa: hamjui kama Kheri ni dume au jike, maana kwa macho hawatofautiki na hata jina halisaidii, hamjui huyo mgeni ana maradhi gani, na ndege mwenye msongo huweza kumfundisha mwenzake kunyonyoa au kumjeruhi. Kuhusu kukata mabawa, mwambie shemeji kwamba namwelewa, ila ncha zilizokatwa humchoma ndege ubavuni kila anapokunja bawa, na huyu amekwisha kuanza kunyonyoa ndani ya mabawa. Mngekuwa mnamwongezea sababu.

Yote haya mnaweza kuyaanza leo, lakini hayachukui nafasi ya daktari wa wanyama anayewajua ndege. Nataka apimwe damu kwa ajili ya ini, kalisi, zinki na dalili za maambukizi, na apigwe picha ya eksirei ikiwezekana. Nataka pia kipimo cha virusi vya sirko, vinavyoharibu mdomo na manyoya ya kasuku. Kichwa chake kizima kinanipa matumaini kwamba hana, lakini virusi hivyo havina tiba na huenea kwa vumbi la manyoya, kwa hiyo ni vyema kujua kabla ndege mwingine hajaingia nyumbani. Ukiona mdomo wake mweusi umepoteza ule unga na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, lieleze hilo. Dawa za kutuliza akili zipo, na zina nafasi kwa wachache, baada ya vipimo na chini ya uangalizi wa daktari, si kwa kununuliwa dukani.

Usisubiri miadi, mpeleke siku hiyohiyo, akitetemeka au kuanguka, akikaa sakafuni mwa tundu amejivimbisha manyoya, akipumua huku mkia ukipanda na kushuka, au akianza kung'ata ngozi na nyama badala ya manyoya. Unyoya mchanga wenye damu ukivunjika, bana mahali hapo kwa kitambaa safi na unga wa mahindi laini, na damu isipokoma ndani ya dakika kumi, mpeleke. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi kisichoisha, amwambie daktari wake kwamba mna kasuku, kwa kuwa kuna bakteria ya ndege inayoweza kutuambukiza mapafuni. Unaposafisha tundu, lowanisha vumbi kwanza na vaa barakoa.

Kuna na suala la karatasi. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara yake ya kimataifa kwa ndege waliokamatwa porini imefungwa, na hapa Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililowahi mwishoni mwa 2021 kutoa kipindi cha msamaha ili waliokuwa nao bila kibali wajiandikishe. Tafuteni katika makaratasi ya mzee kama alikuwa na kibali. Kiwepo au kisiwepo, mwende wenyewe ofisini kwao mkaeleze kwamba mmerithi ndege, kuliko kusubiri kuulizwa.

Siku ya kwenda kwa daktari, yatie manyoya uliyookota kwenye bahasha, pamoja na kipande cha waya wa tundu na karatasi yenye kinyesi cha usiku huo. Mpige picha kifua chake leo, na tena kila baada ya wiki mbili mahali palepale na saa ileile, kwa sababu jicho linalomwona kila siku halitatambua miiba ya kwanza itakapochomoza.